SOMO LA WIKI: Kifaa cha GPS Kimejaribiwaje? Uliza Kabla ya Kulipa

Mwenye karakana ya samani Keko anayepeleka mzigo mikoani, na mwagizaji anayetoa kontena bandarini, wote siku hizi hutegemea kifaa cha GPS kujua lori lilipo. Kabla ya kulipa, mnunuzi afahamu udhaifu wake.

Setilaiti za GPS ziko takriban kilomita 20,200 juu ya dunia. Mawimbi yake hufika ardhini yakiwa hafifu mno, hivyo kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kuchajia simu garini huweza kuyafunika. Mwaka 2013 nchini Marekani, mamlaka ya mawasiliano ilitangaza faini ya dola 31,875 kwa dereva aliyetumia kidude hicho ili mwajiri asimfuatilie. Kilivuruga mitambo ya uwanja wa ndege wa Newark.

Watengenezaji makini hupima ustahimilivu hivi. Mashine huiga mawimbi ya setilaiti na kuyaingiza kwenye kipokezi kwa waya, au ndani ya chumba kisichopitisha mawimbi. Jaribio halifanywi barabarani: hapa nchini masafa husimamiwa na TCRA, na kurusha mawimbi ya kuvuruga ni kosa.

Kwanza kipokezi hupewa mawimbi safi. Kisha uvurugaji huongezwa kidogo kidogo. Kila desibeli 3 ni nguvu maradufu. Huandikwa ni wakati gani kifaa kilianza kukosea, lini kilipoteza mahali, na kilichukua sekunde ngapi kurejea. Mwisho huingizwa mawimbi ya uongo yanayosogeza gari kwenye ramani ilhali limesimama. Hatari hii ni kubwa zaidi: kifaa kilichozimika hujulikana, kinachodanganya huaminiwa.

Muuzaji aulizwe:

1. Matokeo ya majaribio hayo yako wapi?
2. Je, kinapokea GPS pekee, au pia Galileo na Glonass, na kwa masafa mangapi?
3. Je, hutoa tahadhari kinapovurugwa?

Mnunuzi naye ana jaribio dogo la halali. Aingize lori ndani ya ghala lenye paa la bati, kisha atazame simu. Hili halipimi uvurugaji, lakini huonyesha tabia ya kifaa mawimbi yakikosekana. Kikisema mawimbi yamepotea, ni kikweli. Kikiendelea kuonyesha mahali pa zamani kana kwamba ni pa sasa, fedha zibaki mfukoni.