Umeme na Hifadhi ya Vyombo katika Magari ya Kulala Njiani: Maswali na Majibu

Tunduma, mji wa mpakani ulioko mkoani Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, hupitiwa na malori yanayoelekea Zambia na Kongo, pamoja na magari ya wasafiri wanaoivuka Afrika kwa barabara huku wakipiga kambi njiani. Ijapokuwa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili kuharakisha ukaguzi, foleni za malori bado hutokea, na madereva na utingo wao hulala kwenye kebini wakihitaji taa, chakula kisichoharibika na simu zenye chaji. Majibu yafuatayo yamejengwa juu ya kanuni moja, nayo ni kwamba umeme wa kuishi utengwe na umeme wa kuwashia injini.

Kwa nini betri ya gari isitumike pia kwa taa na friji?

Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba ya risasi ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha ijazwe upesi na alteneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Ikinyonywa polepole usiku kucha, kwenye mabamba hayo hujengeka fuwele za salfeti ambazo zikikomaa haziyeyuki tena, na betri hufa kabla ya wakati wake. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takribani volti 12.7, ilhali ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi. Ndiyo maana huhitajika betri ya pili, ile inayouzwa madukani kwa jina la betri ya sola, ambayo mabamba yake manene huvumilia kutumika na kujazwa mara nyingi.

Ukubwa wa betri ya pili hukadiriwaje?

Hukadiriwa kwa ampea-saa, yaani ampea zinazotumika zikizidishwa kwa saa za matumizi. Friji ndogo ya volti 12 inayovuta ampea 4 na kufanya kazi jumla ya saa 10 kwa siku hutumia ampea-saa 40. Taa mbili za wati 5 zikiwaka saa tano huongeza nne, na simu mbili huongeza kama tatu, hivyo jumla hufikia 47. Kwa kuwa betri ya risasi hudumu zaidi isiposhushwa chini ya nusu, betri ya ampea-saa 100 hutosheleza takribani siku moja. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo huweza kutumika hadi asilimia 80 na uzito wake ni kama nusu, lakini huvuta mkondo mkubwa unaoweza kuchosha alteneta, kwa hiyo huhitaji chaja maalumu inayoudhibiti.

Betri mbili huunganishwaje?

Njia nyepesi ni rilei ya kutenganisha, swichi inayoendeshwa na umeme wenyewe, ambayo huziunganisha betri pale tu injini inapochaji na kuziachanisha injini inapozimwa. Malori mengi hutumia volti 24 zinazopatikana kwa betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Kosa linalojirudia ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo, kwa sababu moja hubaki na njaa huku nyingine ikijazwa kupita kiasi, na zote mbili huharibika. Kinachofaa ni kipunguza volti kinacholishwa na volti 24 zote.

Waya na fyuzi huchaguliwaje?

Waya mwembamba hula volti na kugeuka joto. Betri ya pili ikiwa mita 5 kutoka injini, umeme husafiri mita 10 kwenda na kurudi. Ampea 20 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, hupotea karibu volti 1.5, kiasi kwamba betri huchelewa sana kujaa, ilhali waya wa milimita za mraba 16 hupoteza chini ya robo ya volti. Fyuzi hulinda waya kabla ya kulinda chombo, kwa hiyo huwekwa karibu kabisa na betri. Na waya unaounganisha betri mbili huhitaji fyuzi kila upande, kwani kila betri ni chanzo cha moto. Kabla ya kazi, waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete shoti.

Makabati na mizigo vipangwe vipi?

Vitu vizito, kama betri ya risasi yenye kilo 25 hadi 30 na madumu ya maji, hukaa chini na kati ya ekseli, huku keria ya juu ikiachiwa vitu vyepesi, kwa sababu uzito ulio juu huyumbisha gari kwenye kona na miteremko kama ule wa Senjele mkoani Songwe. Makabati ya plaiwudi hufungwa kwa bolti kwenye sehemu imara za sakafu, kwani skurubu za mbao huchomoka gari linapofunga breki ghafla. Betri ya maji huwekwa penye hewa, maana inapochajiwa hutoa haidrojeni inayoweza kulipuka, na dumu la mafuta halikai kamwe ndani ya kebini.

Kazi ipi iachiwe fundi?

Mwenye gari mwangalifu anaweza kufunga taa, soketi za simu na makabati. Inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa 230, ifungwe na fundi umeme wa magari, kwani ile ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 na volti zake huua. Uangalifu huu ni haki ya majirani pia: kwenye foleni ya Tunduma lori la mizigo husimama karibu na lori la mafuta, na waya mmoja usio na fyuzi waweza kuhatarisha watu wengi waliolala.