KIJANA, ONDOKA DIRISHANI!

Soma: Matendo ya Mitume 20:7-12

Labda umepewa karatasi hii uwanjani Biafra au Mwembeyanga, labda kituoni ukigombania daladala ya Mbagala. Usiitupe. Isome mpaka mwisho.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 982,328 Kinondoni na 1,346,674 Temeke. Katika umati wote huo Mungu anakujua wewe kwa jina, kama alivyomjua kijana mmoja aliyeitwa Eutiko.

ALIKAA WAPI?

Ilikuwa usiku, katika mji wa Troa. Waumini wamejaa chumba cha ghorofani, taa nyingi zinawaka. Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, maana kesho yake anasafiri. Eutiko amekaa dirishani. Usingizi ukamzidi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Walipomwinua, amekufa!

Angalia vizuri. Eutiko hakuwa mbali. Alikuwa ibadani! Ila alikaa mpakani, hatua moja ndani, hatua moja nje.

Wewe je? Labda ulilelewa Sunday School na nyimbo zote ulizijua. Ukafika miaka 13, 14. Darasa la watoto ukaliona la kitoto, na kwa wakubwa hakuna aliyekuuliza hata jina. Ukaanza kukaa benchi la nyuma. Halafu mlangoni. Halafu kijiweni. Hukutangaza siku yoyote kwamba umeacha kanisa, ulisinzia tu.

Au labda kanisani hujawahi kuingia, unasikiliza spika za mkutano ukiwa umekaa juu ya pikipiki, tayari kuondoka. Hapo napo ni dirishani.

Jina Eutiko kwa Kiyunani maana yake ni mwenye bahati. Lakini bahati haikumshika asianguke! Leo wako vijana wanaoitegemea hiyo hiyo. Huyu anabeti hela ya nauli, yule anaonja unga "mara moja tu". Ndugu yangu, anayeanguka kutoka ghorofa ya tatu haanguki nusu.

PAULO ALISHUKA

Paulo hakusema, "Shauri yake, nani alimtuma akae pale?" Alikatiza mahubiri, akashuka chini, akamkumbatia, na yule kijana akawa hai. Ndivyo alivyofanya Yesu kwa ajili yako. Alishuka toka mbinguni, akafa msalabani, akafufuka.

Pengine kuna mtu wa kanisani aliyekuaibisha mbele za watu kwa sababu ya nywele zako au suruali yako. Huyo hakushuka kukuinua. Lakini usimhesabie Yesu kosa la mtu huyo.

NENO KWA BABA NA MAMA (Kijana, wape nao wasome)

Fimbo inaweza kumfikisha mtoto kanisani. Kumfanya aamini haiwezi. Imani ya Timotheo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Je, mwanao akikutazama nyumbani Jumatatu, anamwona yule yule wa Jumapili?

Akiuliza swali gumu, usikimbilie kumwambia ana pepo. Yesu mwenyewe akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali (Luka 2:46). Kaa naye, mjibu. Na ninyi wazee wa kanisa, mpeni kijana kazi: vyombo vya muziki, kwaya, kufundisha watoto. Mwenye kazi hasinzii upesi.

UFANYE NINI LEO?

1. Tubu. Usingoje uzee, Mhubiri 12:1 inakuambia umkumbuke Muumba wako ungali kijana.
2. Tafuta kanisa linalofundisha Biblia karibu na kwenu, usilohitaji nauli kulifikia. Kaa mbele!
3. Kama unasoma sekondari, ulizia wenzako wa UKWATA au CASFETA shuleni kwenu.
4. Tafuta mtu mzima mmoja aliyeokoka, mwenye siri, umweleze ukweli wako wote.
5. Kama wazazi wako ni wa dini nyingine, endelea kuwaheshimu na kuwasaidia kazi. Waone badiliko kabla hawajasikia maneno.

SALA YA TOBA

Omba hivi kwa sauti: "Bwana Yesu, nimekaa dirishani muda mrefu. Nimetenda dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, nioshe, uniingize ndani. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Umeomba kwa moyo wako wote? Basi usiondoke kimya kimya. Mwambie mhudumu aliyekupa karatasi hii, akuombee na akuonyeshe kanisa la karibu. Wakati Paulo anaondoka Troa alfajiri, yule kijana aliletwa akiwa hai, na watu wote wakafarijika. Na nyumbani kwenu nako wapo wanaongoja kufarijika kwa ajili yako.

Mungu akubariki!