Kufundisha Ulinzi wa Modemu ya Nyumbani: Mfano wa Masoko, Wilaya ya Rungwe

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mwalimu anavyoweza kufundisha somo ambalo wengi huliona kuwa ni la mafundi peke yao, yaani kubadili mipangilio ya usalama katika modemu ya nyumbani isiyotumia waya. Tumechukua mfano wa kata ya Masoko, kusini-mashariki ya mji wa Tukuyu, kwa kuwa mazingira yake yanafanana na yale ambayo wanachuo wetu wengi hukutana nayo waendapo mazoezi ya kufundisha: nyumba zilizotawanyika katikati ya migomba, mvua nyingi, umeme unaokatika, na kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa kwa fedha inayohesabiwa.

Yafaa tuseme tangu mwanzo kwa nini somo hili lina uzito. Modemu iliyoachwa wazi haimpotezei mwenyewe kifurushi tu. Mtu aliye upande wa pili wa ua anaweza kuingia katika mtandao huo, akafungua ukurasa wa uendeshaji wa modemu na kuupotosha. Mwalimu anayetunza alama za wanafunzi katika kompyuta yake, na mzazi anayetuma fedha kwa simu, wote wanahusika. Kwa hiyo hatuna budi kulifundisha somo hili kwa utaratibu ule ule tunaotumia kufundisha usafi wa maji au utunzaji wa fedha za shule.

Kiini cha somo

Kosa linaloonekana mara nyingi katika ufundishaji wa somo hili ni kuanza na vitufe. Mwanafunzi huambiwa abonyeze hapa, kisha pale, naye hufuata. Akikutana na modemu ya aina nyingine hana la kufanya, maana alikariri mahali pa kitufe wala hakuelewa kazi yake. Sisi tunashauri mwalimu aanze na maana, ndipo aende kwenye mashine.

Maana yenyewe ni hii. Modemu huongea na simu au kompyuta kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hayaishii ukutani. Hupenya tofali na kuvuka shamba. Haiwezekani kumzuia jirani asiyapokee. Linalowezekana ni kuyasimba, yaani kugeuza ujumbe uwe fumbo ambalo asiye na ufunguo hawezi kulisoma. Kubadili mpangilio wa usalama wa modemu ni kuchagua njia ya kusimba na kuweka ufunguo mpya. Mwanafunzi akishika jambo hili, vitufe vitamjia kwa urahisi.

Kipindi cha kwanza: Kuficha si kufunga

Mwalimu aanze na jambo ambalo wanafunzi wanalijua. Watoto wa Masoko wamesikia masimulizi ya ziwa lao, Ziwa Masoko ambalo pia huitwa Kisiba, lililomo ndani ya kreta ya volkano. Husimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliokuwa na kambi hapo walitupa ziwani fedha na silaha zao ili zisitekwe na adui, na kwamba sarafu za zamani zimewahi kuokotwa ufukoni. Mwalimu aulize: Je, fedha hiyo ilifungwa au ilifichwa tu? Wanafunzi watajibu kwamba ilifichwa. Ndipo aulize: Na kilichofichwa tu, kinasubiri nini? Kinasubiri mtafutaji.

Swali hili linaondoa dhana potofu iliyoenea. Modemu nyingi zina nafasi ya kuficha jina la mtandao lisionekane katika orodha ya simu. Watu wengi huamini kwamba hapo wamejilinda. Sivyo. Kila kifaa chenye ruhusa kinapojiunga, jina hilo hutajwa hewani, na mwenye programu ya kusikiliza hulipata. Kuficha jina hakuchukui nafasi ya kusimba.

Kipindi cha pili: Fumbo na ufunguo

Zana zinazohitajika ni ubao, chaki na vipande vya karatasi. Mwalimu aandike sentensi "MAMA ANAPANDA CHAI" na kuwaeleza wanafunzi kwamba kila herufi itasogezwa mbele hatua tatu katika alfabeti ya herufi 26. A inakuwa D, M inakuwa P, na kuendelea. Matokeo yake ni PDPD DQDSDQGD FKDL. Karatasi yenye maneno hayo ipitishwe darasani kutoka mkono hadi mkono. Kila mmoja ataishika, lakini mwenye namba tatu tu ndiye atakayeisoma. Karatasi hiyo ni wimbi la redio, na namba tatu ni ufunguo.

Baada ya hapo wanafunzi wapewe kazi ya kuvunja fumbo bila kuambiwa ufunguo. Watagundua kwamba D imetokea mara 7 katika herufi 16. Kwa kuwa katika Kiswahili herufi A hutumika mno, watakisia kwamba D ni A, na fumbo lote litafunguka. Hapo mwalimu asisitize kwamba kusimba peke yake hakutoshi, maana kuna njia dhaifu na njia imara.

Sasa ndiyo nafasi ya kueleza majina yanayoonekana katika modemu. Njia ya kwanza, WEP, ilikuja pamoja na kanuni za kwanza za mitandao hii mwaka 1997. Kila fungu la ujumbe lilisimbwa kwa ufunguo uliochanganywa na namba ya kubadilika yenye biti 24 tu, yaani namna 16,777,216. Kwenye mtandao wenye kazi nyingi namba hizo hujirudia, kama D ilivyojirudia ubaoni. Mwaka 2001 wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir walitangaza udhaifu mkubwa zaidi katika njia hiyo, na tangu hapo WEP haifai kutegemewa. WPA ilitolewa mwaka 2003 kama tiba ya muda, ikitumia utaratibu uitwao TKIP. WPA2 ilifuata mwaka 2004, ikitumia usimbaji wa AES ulio imara. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef alionyesha kasoro katika WPA2, ambayo hurekebishwa kwa kuweka toleo jipya la programu katika vifaa. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi: WPA3 ikiwapo na vifaa vyote vikiikubali, ichaguliwe, vinginevyo ichaguliwe WPA2 yenye AES, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. WEP, TKIP na mtandao wazi viachwe kabisa.

Kipindi cha tatu: Hesabu ya nywila

Kipindi hiki kinaunganisha somo letu na Hisabati. Nywila ya WPA2 huwa na alama 8 hadi 63. Tatizo ni kwamba adui hana haja ya kusimama mlangoni akijaribu. Anaweza kunasa salamu ambazo simu na modemu hupeana wakati wa kuunganishwa, akaenda nazo kwake na kukisia kwa kompyuta usiku na mchana. WPA3 imeziba njia hiyo, lakini WPA2 haikuiziba.

Tuchukulie kwamba kompyuta ya adui inakisia mara 1,000,000 kwa sekunde. Nywila ya tarakimu 8 ina namna 100,000,000. Itaisha kwa sekunde 100. Wengi hutumia namba ya simu. Hiyo ni dhaifu zaidi, kwa kuwa tarakimu tatu za mwanzo zinajulikana kwa kila kampuni, zikabaki 7 tu, yaani namna 10,000,000 na sekunde 10. Na kwa hakika namba yenyewe imeandikwa juu ya mlango wa duka!

Sasa wanafunzi watengeneze orodha ya maneno 1,000 ya kawaida, wayaandike katika vikaratasi na kuyachagua kwa kura. Maneno manne yana namna 1,000,000,000,000, ambayo huchukua siku 11 na ushei. Maneno matano huchukua zaidi ya miaka 31. Darasa litaona lenyewe kwamba neno moja zaidi limeongeza nguvu mara 1,000. Mwalimu atahadharishe kwamba maneno yachaguliwe kwa kura kweli kweli. Methali, jina la mtoto au jina la kijiji havifai hata vikiwa virefu, kwa kuwa vinakisiwa kwanza.

Kipindi cha nne: Kazi ya mikono

Shule isiyo na modemu isikate tamaa. Simu inayogawa intaneti kwa vifaa vingine hufanya kazi ile ile, nayo ina mahali pa kuchagua aina ya usalama na nywila. Mwalimu pia anaweza kuchora ukurasa wa modemu ubaoni. Penye modemu, hatua zifuatwe kwa mpangilio huu:

1. Soma kibandiko kilicho chini ya modemu. Kina anwani, jina la mtumiaji na nywila ya kiwandani.

2. Unganisha kompyuta au simu na modemu. Waya ukiwapo ni bora zaidi, kwa sababu hautakatika mipangilio itakapobadilika.

3. Fungua kivinjari, andika anwani, mathalani 192.168.1.1 au 192.168.8.1, kisha uingie.

4. Badili kwanza nywila ya uendeshaji. Wanafunzi huichanganya na nywila ya mtandao. Ya uendeshaji ni ufunguo wa ofisi ya modemu. Ya mtandao ni ufunguo wa mlango wa wageni na wenyeji. Zisifanane.

5. Nenda kwenye sehemu ya mtandao usio na waya, ambayo aghalabu huandikwa WLAN, kisha kwenye usalama. Chagua aina ya usimbaji kwa kanuni tuliyoitaja.

6. Andika nywila mpya ya mtandao, uinakili pia katika daftari linalotunzwa mahali salama, ndipo uhifadhi mabadiliko.

7. Zima WPS. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba namba yake ya siri yenye tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata.

8. Vifaa vyote vitakatika. Katika kila simu, futa kumbukumbu ya mtandao wa zamani na uunganishe upya. Simu ya zamani ikikataa WPA3, tumia mchanganyiko badala ya kurudi kwenye WEP.

Kazi hii isianzwe wakati wa radi au umeme ukiwa wa mashaka. Modemu ikisahaulika nywila, kuna kitundu kidogo ambacho kikibonyezwa kwa muda hurudisha mipangilio ya kiwandani. Kwa sababu hiyo hiyo modemu isiwekwe barazani, maana anayeifikia kwa mkono anaweza kufuta kazi yote.

Adabu, sheria na ujirani

Mwalimu hana budi kuwaonya wanafunzi kwamba mazoezi hufanywa katika modemu ya shule au yenye idhini ya mwenyewe tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa. Mwanachuo akiombwa msaada na mzee wa nyumba, amwamkie, amweleze kila hatua kabla ya kuifanya, na wakati wa kuandika nywila amwachie mzee mwenyewe aiandike huku yeye akigeuka pembeni. Kitendo hicho hufundisha kuliko maelezo marefu.

Swali gumu zaidi litaulizwa na wanafunzi wenyewe: Je, kufunga mtandao si uchoyo? Katika vijiji vyetu jirani huomba moto, chumvi na jembe, wala hanyimwi. Mwalimu asilipuuze swali hili. Kufunga mlango hakumzuii mwenye nyumba kumkaribisha mgeni. Kunampa nafasi ya kujua nani ameingia. Hata hivyo, ukweli mmoja usemwe: katika WPA2 ya nyumbani, anayejua nywila anaweza, akiwa na ujuzi, kusoma baadhi ya mawasiliano ya wenzake wanaoitumia. Kwa hiyo ukarimu upitie mtandao wa wageni, ambao modemu nyingi zinao, wenye nywila yake. Nywila hiyo ibadilishwe mara kwa mara bila kuwaudhi wenyeji wala kumfukuza mtu.

Tathmini

Mwalimu asipime kumbukumbu ya vitufe. Ampe mwanafunzi picha ya ukurasa wa modemu ambayo hajapata kuiona, amwulize: Ni njia ipi ungechagua, na kwa nini? Nywila gani kati ya hizi tatu ni imara, na umehesabuje? Usimbaji huu unalinda safari ipi ya ujumbe? Jibu sahihi la swali la mwisho ni kwamba unalinda safari ya kutoka kifaa hadi modemu tu. Kutoka hapo kwenda mbele, ulinzi hutegemea tovuti na programu zinazotumika. Mwanafunzi asiyejua mpaka huo atajiamini kupita kiasi.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba somo hili linaweza kufundishwa kwa chaki, vikaratasi na masimulizi ya ziwa, hata kabla modemu haijafika shuleni. Tunawaomba walimu watakaolijaribu waanze na darasa moja, wahesabu ni wanafunzi wangapi wanaoweza kutoa sababu ya kila hatua, kisha warekebishe vipindi kadiri ya hali ya shule zao. Mwanafunzi akiweza kumweleza mama yake, kwa maneno ya nyumbani, kwa nini namba ya simu haifai kuwa nywila, hapo mwalimu ajue kwamba somo limefika.