Mbwa Hasemi "Basi": Vidokezo 11 vya Kutembea Naye Katika Jangwa la Arizona

Miji ya Phoenix na Tucson imezungukwa na milima, na milima hiyo imejaa njia za miguu. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo na Burundi, zimepata makazi katika miji hii, na watoto wao wanakua na mbwa ambaye si wa lindo: analala sebuleni, ana jina la mapenzi, na kila siku anasimama mlangoni akitaka kutolewa. Mtoe. Kutembea kunamfaa yeye, kunakufaa na wewe. Ila ujue kwamba mbwa atakufuata hata kama nyayo zinaungua na maji yamemwishia mwilini. Haombi kupumzika wala hasemi turudi. Uamuzi wote uko mikononi mwako, na vidokezo hivi vitakusaidia kuufanya vizuri.

1. Tangulia jua

Kuanzia Mei hadi Septemba, saa za mbwa ni za alfajiri. Mwezi Juni jua la Phoenix huchomoza kama saa 11:20 alfajiri, kwa hiyo anza kutembea kukiwa na mwanga wa kwanza, na kufikia saa 2 asubuhi uwe umesharudi nyumbani. Usidanganywe na jioni. Jua likishazama hewa hupoa kidogo, lakini lami na mawe hubaki na joto la kutwa nzima. Joto lenyewe si la kawaida: mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo kipimajoto kilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi. Hutoa jasho kidogo tu kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema. Mbwa wenye pua fupi kama bulldog na pug, wazee, na walionenepa kupita kiasi huzidiwa mapema zaidi. Hao watembeze karibu na nyumbani tu.

2. Pima ardhi kwa mkono wako

Kabla ya kutoka, weka mgongo wa mkono juu ya lami kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, mbwa naye asipite hapo. Usisubiri siku ya joto kali ndipo upime, kwa sababu hata hewa ikiwa na nyuzi 25 tu, lami iliyopigwa na jua inaweza kufika nyuzi 52. Viatu vya mbwa vipo na vinasaidia. Mzoeze kuvivaa ndani ya nyumba kwanza, dakika chache kwa siku, mpaka aache kuvipigapiga. Vinazuia moto wa ardhi, lakini havipunguzi joto la hewa hata kidogo. Mkirudi, mgeuze nyayo uzitazame: wekundu, malengelenge au ngozi iliyobanduka ni dalili kwamba ameungua. Akianza kuchechemea au kujilamba miguu bila kuacha, muone daktari wa wanyama.

3. Beba maji ya wawili

Usitegemee kijito chochote unachokiona kwenye ramani. Vijito vingi vya jangwani ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mbwa wa kilo 20 hunywa lita moja au zaidi kwa siku akiwa amekaa nyumbani. Njiani kwenye joto huhitaji zaidi sana ya hapo. Beba bakuli la kukunja, na mpe maji kidogo kidogo kila baada ya dakika 15 au 20 hata kama haonyeshi kiu. Nusu ya maji ikiisha, geuka, popote mlipo.

Mkikuta dimbwi au mto, mshike. Maji yaliyotulia yanaweza kuwa na bakteria wanaofanana na mwani, ambao sumu yao humuua mbwa kwa muda mfupi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, jimboni Utah, wageni wamekuwa wakitahadharishwa kuhusu sumu hiyo katika Mto Virgin tangu 2020.

4. Zijue dalili za kuzidiwa na joto

Mtazame kila mara. Kuhema kusikotulia hata mkisimama, udenda mzito, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika, au kujilaza kila penye kivuli: hizo zote zinataka jambo moja, kusimama mara moja. Mpeleke kivulini. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, kisha mpepee ili maji yale yamtoe joto. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, maana litashika joto lisitoke. Akitaka kunywa mwenyewe, mpe kidogo, usimlazimishe. Anza kumpoza papo hapo, halafu mkimbize kwa daktari hata kama anaonekana ameamka, kwa kuwa madhara ya ndani yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Na asiachwe ndani ya gari, hata dakika tano za kununua maji dukani. Tangu 2017 sheria ya Arizona inamlinda mpita njia anayevunja kioo kumwokoa mtoto au mnyama aliye hatarini ndani ya gari, alimradi afuate masharti, likiwemo la kuita polisi au waokoaji kabla ya kuvunja.

5. Uliza sheria za njia kabla ya kuwasha gari

Hapa wengi hupoteza safari. Joto likifika nyuzi 38, ambazo ni 100 kwa kipimo cha Marekani, mji wa Phoenix unapiga marufuku mbwa katika njia zake za matembezi. Adhabu inaweza kufika faini ya dola 2,500 au kifungo cha miezi 6. Kwenye njia mbili za kilele cha Camelback mbwa haruhusiwi siku yoyote ya mwaka. Kule Tucson, Sabino Canyon haipokei mbwa, na sehemu kubwa ya nyika ya Pusch Ridge iliyo jirani yake imefungwa kwao ili kuwalinda kondoo-mwitu wenye pembe kubwa.

Hifadhi za taifa nazo zinatofautiana. Saguaro inamruhusu mbwa barabarani, penye meza za kulia chakula, na kwenye njia mbili fupi tu. Grand Canyon inamruhusu kwenye njia za juu ya ukingo wa kusini, lakini kushuka bondeni hapana. Ukitaka mahali panapomkaribisha kweli, nenda Petrified Forest upande wa mashariki wa Arizona, au White Sands kule New Mexico, ambako vilima vyeupe ni vya jasi, na jasi haishiki joto kama mchanga wa kawaida.

6. Kamba fupi, mkononi, muda wote

Sheria ya Arizona inataka mbwa aliye katika bustani za umma afungwe kamba isiyozidi futi 6, yaani kama mita 1.8. Itii kwa moyo mmoja, kwa sababu karibu kila balaa linalofuata hapa chini humpata mbwa aliyekimbia mbele peke yake. Kamba ya kujivuta yenyewe, inayomwachia aende mbali, iache nyumbani.

Kuna javelina, mnyama anayefanana na nguruwe-mwitu mdogo, ambaye hutembea kwa makundi. Koyoti huwinda watoto wa javelina, na mbwa anafanana na koyoti, kwa hiyo javelina humshambulia bila kusita. Ukiwaona, vuta kamba karibu na mrudi mlikotoka kimya kimya. Kinyesi cha mbwa kizoe kwenye mfuko uondoke nacho. Katika ukavu ule hukaa muda mrefu bila kuoza.

7. Mfunze kumwogopa nyoka

Arizona ina aina 13 za nyoka wenye njuga mkiani, na si kila mara nyoka hupiga njuga kabla ya kuuma. Huonekana zaidi kuanzia machipuko hadi vuli, na miezi ya joto kali hutembea usiku. Pita katikati ya njia, na usimwache mbwa aingize pua kwenye mashimo wala chini ya mawe. Wapo walimu wa mbwa wanaofundisha kumkwepa nyoka kwa harufu, sauti na umbo lake. Mtafutie mafunzo hayo kabla ya msimu kuanza.

Akiumwa, mtulize, mbebe kama uzito wake unakuruhusu, na mpeleke hospitali ya wanyama. Piga simu mkiwa njiani uulize kama wana dawa ya kupambana na sumu ya nyoka, maana si kila mahali ipo. Usikate kidonda, usinyonye, usifunge mguu, usiweke barafu.

8. Weka chanuo mfukoni

Cholla ni kaktasi ambayo vipande vyake hukatika vikiguswa kidogo tu, hata watu husema inaruka. Kipande kimoja kina miiba mingi yenye ncha zilizopinda kinyume, na kukivuta kwa mkono ni kuhamishia mateso kwenye vidole vyako. Mbwa akinaswa, kwanza mshike kichwa, kwa sababu atataka kuing'oa kwa meno na miiba itahamia kwenye ulimi. Kisha pitisha chanuo la meno mapana kati ya kipande na ngozi, ukirushe mbali na nyote wawili. Miiba iliyobaki itoe mmoja mmoja kwa koleo dogo. Iliyoingia jichoni au kooni mwachie daktari.

9. Msimu wa mvua, jihadhari na chura na mafuriko

Mvua za monsuni za Arizona huhesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Usiku wa siku hizo hujitokeza chura wa jangwa la Sonora, mkubwa, mwenye ngozi ya kijani iliyofifia, na ngozi hiyo ina sumu kali. Mbwa akimlamba au kumng'ata hutokwa na udenda mwingi, ufizi hubadilika kuwa mwekundu, na anaweza kupata degedege. Inamisha kichwa chake, mwagia maji kutoka pembeni mwa mdomo yatokee nje yasiende kooni, futa ufizi na ulimi kwa kitambaa kibichi, kisha mkimbize hospitali.

Mvua hiyo hiyo hushusha mafuriko ya ghafla kwenye mikondo ya mchanga iliyokuwa mikavu dakika chache kabla. Mawingu yakijikusanya milimani, hata kama ulipo kuna jua, toka bondeni.

10. Chukua vumbi kwa uzito wake

Udongo wa hapa una kuvu inayoleta ugonjwa uitwao homa ya bonde. Usiuchanganye na Homa ya Bonde la Ufa ya kwetu Afrika Mashariki. Ile ni ya virusi na huwashika sana mifugo. Hii huingia kwa pumzi, na mbwa hupumua karibu na ardhi tena hupenda kufukua. Dhoruba ya vumbi ikija, baki ndani. Akianza kuchimba, mwondoe. Kikohozi kisichoisha, homa, kukonda na kuchechemea bila jeraha ni dalili za kumpeleka apimwe. Ugonjwa una dawa, ingawa matibabu huchukua miezi. Mkihamia jimbo jingine na dalili zikatokea huko, mwambie daktari kwamba mbwa ameishi Arizona, kwa sababu anaweza asiufikirie kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona wameshiriki kutengeneza chanjo ya mbwa dhidi yake.

11. Mpe miezi yake mizuri, na nyanda za juu

Oktoba hadi Aprili jangwa hupoa, na ndipo safari ndefu zinapofaa. Anza na nusu saa, ongeza kidogo kila wiki, ili misuli na nyayo zikomae pole pole. Kiangazi kikikaza, panda juu. Flagstaff iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya misonobari, na joto lake la mchana mwezi Julai mara nyingi halifiki nyuzi 30. Watu wa Tucson wana Mlima Lemmon, unaofikika kwa gari kutoka mjini. Julai na Agosti radi huko juu hupenda kupiga baada ya adhuhuri, kwa hiyo mshuke kabla yake.

Kokote mtakakokwenda, tazama mwendo wake kuliko unavyotazama saa. Akipunguza kasi, pumzikeni. Akiendelea kuvuta miguu, rudini. Mkifika kwenye gari naye bado ana hamu ya kwenda mbele, ujue umepanga safari vizuri.