Mzigo wa Kuni na Shule ya Binti

Katika nyumba nyingi za shamba kazi ya kutafuta kuni ni ya mama. Naye mama akizidiwa humwita binti yake, wala si mwanawe wa kiume. Zamani kuni zilipatikana nyuma ya nyumba. Siku hizi mahali pengi msitu umekwenda mbali, naye aendaye huondoka alfajiri na kurudi jua limekwisha kupanda. Mwalimu akiita majina, binti hayupo. Husemwa ni mvivu, kumbe yuko njiani na mzigo wake.

Kwa hiyo twataka kujifunza habari za Wangari Maathai wa Kenya, maana yeye aliona ya kuwa mti na shule ni jambo moja. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri. Siku zile wasichana waliopelekwa shuleni walikuwa wachache. Kaka yake Nderitu ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao. Mama akafikiri, akakubali. Neno lile moja la mtoto wa kiume lilizaa sana, hata mwaka 1971 dada yake akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Alipokuwa mdogo mama yake alimkanya asiokote kuni za mti mmoja mkubwa uliokuwa karibu na kwao, wa jamii ya mkuyu, ambao Wakikuyu huuita mugumo. Akamwambia ni mti wa Mungu. Karibu na mti ule palikuwa na kijito. Miaka ikapita, Wangari akaenda kusoma Marekani. Aliporudi aliukuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Wengine wetu watasema agizo la mama lilikuwa ushirikina wa kale. Lakini mizizi ilishika udongo, na maji ya mvua yakapata njia ya kuingia chini. Hayo ni kweli, yaitwe kwa jina lo lote.

Baadaye akawasikia wanawake wa shamba wakilalamika: kuni haba, maji haba, chakula cha watoto hakitoshi. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wakapanda miti 7 huko Nairobi, ndio mwanzo wa chama cha Green Belt Movement. Wanawake walifundishwa kusia mbegu na kutunza miche, wakalipwa fedha kidogo. Wala hawakulipwa kwa mche uliopandwa tu, bali kwa mche ulioshika na kuishi. Sharti hili twalipenda sana. Alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisema miti iliyopandwa imepita milioni 30, nayo yawapa watu kuni na chakula, na fedha za kusomesha watoto.

Huko India, katika kijiji cha Piplantri, jimbo la Rajasthan, wamelifunga jambo hili kwa ahadi. Mkuu wa kijiji, Shyam Sundar Paliwal, alifiwa na binti yake Kiran, akapanda mti wa kumkumbuka. Ikawa desturi: akizaliwa msichana, wanakijiji hupanda miti 111, na akiba ya fedha huwekwa benki kwa ajili yake. Wazazi hutia sahihi kwamba watamsomesha, wala hawatamwoza kabla hajatimiza miaka 18.

Na sisi je? Sharika zetu hupanda miti siku ya sikukuu, watu wakaimba, wakaenda zao. Mbuzi wakamaliza kazi. Au wasichana hutumwa kuteka maji ya kumwagilia, na hapo mche umemwongezea binti mzigo badala ya kumpunguzia! Yawapasa wazee wa usharika kupanga zamu, na vijana wanaume wa Kipaimara washike ndoo kwanza. Tena miti ikiisha kukua, baba mwenye deni aweza kuikata yote. Basi tangu siku ya kupanda isemwe mbele ya wazee na kuandikwa: miti hii ni ya sare na madaftari ya binti fulani.

Mgrevilea wafaa sana, kwa kuwa hukaa vema kati ya migomba na kahawa, na matawi yake hukatwa yakawa kuni huku mti wenyewe umesimama. Mkaratusi hukua upesi, lakini hunywa maji mengi. Usipandwe karibu na chemchemi. Miche ya mgrevilea hukaa kitaluni miezi minne hata sita. Basi atakaye kupanda masika, mvua za Machi, na asie mbegu zake mwezi wa Septemba au Oktoba.