Nataka kujifunza kushona tandiko la farasi

SWALI: Nimenunua ngozi ya viatu na sindano. Nianze vipi kushona tandiko la farasi, kwa kujifurahisha tu?

JIBU: Tandiko liache kwanza. Kiunzi chake kikikosewa, kitamkandamiza farasi uti wa mgongo, na atakayeumia si wewe. Anza na mkanda, kisha hatamu.

Ngozi nyingi ya juu ya viatu hutengenezwa kwa kromu. Ni laini na hunyumbuka mno. Tafuta iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama muwati, yenye unene wa milimita 3 hadi 4.

Mshono ndio kazi yenyewe. Chukua uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, wenye sindano butu kila ncha. Toboa kwa maharazi, pitisha sindano zote mbili katika tundu lilelile, moja kutoka kila upande, kisha vuta kwa nguvu sawa. Uzi ukikatika upande mmoja, wa pili hushikilia. Mshono wa cherehani hufumuka kwa urahisi zaidi. Maharazi yanolewe kweli: butu hurarua ngozi. Fundi viatu mzuri wa mtaani kwako atakuonyesha hayo, ukimbembeleza.