Kurefusha Mguu: Tayarisha Pesa za Kupona Kabla ya Kulipia Upasuaji

Siku hizi wateja wetu wanalipa mambo makubwa kwa simu: karo, ploti, hata bili za hospitali. Katika somo la leo tunaangalia upasuaji unaohitaji mpango mrefu wa pesa: kurefusha mfupa wa mguu. Kuna wanaoufanya kwa sababu mguu mmoja ulibaki mfupi baada ya ajali au ugonjwa. Wengine wanataka tu kuongeza kimo. Uamuzi huo ni wako na daktari wako. Sisi tutazungumzia pesa na kazi.

Jambo la kushika ni hili: bili ya upasuaji ni mwanzo tu wa gharama. Mfupa ukishakatwa, huwezi kuuambia usubiri mwisho wa mwezi. Kwa hivyo usilipe hata amana kabla pesa za miezi ya kupona hazijakamilika.

Kwa nini kupona kunachukua miezi?

Njia inayotumika ilitokana na kazi ya daktari Gavriil Ilizarov, aliyeianza mjini Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Mfupa hukatwa, kisha vipande hushikiliwa na fremu ya chuma iliyo nje ya mguu, au na chuma maalum kinachoingizwa ndani ya mfupa. Baada ya siku kadhaa, mara nyingi kama wiki moja, vipande huanza kuachanishwa polepole, takriban milimita 1 kwa siku. Mfupa mpya huota katikati. Urefu unaotakiwa ukifika, mfupa huo bado ni laini na huhitaji muda wa kukaza, mara nyingi mara mbili ya muda wa kurefusha au zaidi.

Tuhesabu kwa sentimita 5:

- Kusubiri: siku 7
- Kurefusha: siku 50
- Kukaza: kama siku 100

Jumla ni siku 157, yaani kama wiki 22. Na hapo hakujatokea tatizo lolote. Maambukizi kwenye matundu ya vyuma, viungo kukakamaa, au mfupa kuchelewa kushikana vinaweza kuongeza wiki kadhaa na bili nyingine.

Hatua ya 1: Ongea na bosi mapema

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi 2 mfululizo kazini angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Utahitaji cheti cha daktari. Likizo ya mwaka ni angalau siku 21 za kazi.

Ukiunganisha zote, unapata kama wiki 6. Toa wiki 6 kwenye wiki 22, zinabaki 16. Hizo 16 ndizo zinazomaliza akiba ya watu. Angalia kama mkataba wako unatoa siku zaidi. Na kwa kuwa huu ni upasuaji uliopangwa, usidhani tu kwamba likizo ya ugonjwa itakubaliwa. Uliza, na upate jibu kwa maandishi.

Kama kazi yako ni ya mezani, daktari anaweza kukuruhusu kufanya kazi ukiwa nyumbani baada ya wiki za kwanza. Muulize bosi kama hilo linawezekana. Lakini kama wewe ni dereva, mhudumu wa hoteli, fundi wa mjengo au mwendeshaji boda, hesabu kwamba hutarudi mpaka picha za eksirei zionyeshe mfupa umekaza. Kwa mwenye biashara yake, hakuna likizo ya kulipwa: hesabu wiki zote 22, na uamue mapema nani atafungua duka.

Hatua ya 2: Andika bajeti ya kupona

Huu ni mfano tu. Weka bei za mahali unapoishi.

- Matumizi ya nyumbani, Sh30,000 kwa mwezi kwa miezi 4 bila mshahara: Sh120,000
- Fiziotherapia mara 2 kwa wiki, Sh1,500 kila mara, wiki 22: Sh66,000
- Teksi ya kwenda na kurudi, Sh1,200 mara 2 kwa wiki, wiki 22: Sh52,800
- Dawa na vifaa vya kusafisha vidonda, Sh500 kwa wiki, wiki 22: Sh11,000

Jumla ni Sh249,800. Ongeza sehemu ya kumi kwa dharura, inakuwa karibu Sh275,000. Na hiyo ni kando ya bili ya hospitali.

Usipunguze fiziotherapia ili kuokoa pesa. Misuli nayo inavutwa wakati mfupa unarefuka, na bila mazoezi goti au kifundo kinaweza kukakamaa.

Hatua ya 3: Weka akiba mahali pake

Ukiweka Sh500 kila siku, utafikisha Sh275,000 baada ya siku 550, yaani mwaka mmoja na nusu. Ni muda mrefu, ndiyo. Lakini huu ni upasuaji unaoweza kusubiri. Tenga pesa hizo kwenye akiba iliyofungwa, Sacco au chama, ili zisichanganyike na za matumizi.

Epuka kuanza safari hii kwa mikopo ya simu. Mikopo hiyo hudai kulipwa haraka, na wewe utakuwa miezi kadhaa bila kipato. Ukilazimika kukopa, hakikisha anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya.

Kama mguu ni mfupi kwa sababu ya ajali au ugonjwa, uliza hospitali na SHA, au bima yako binafsi, ni sehemu gani italipwa. Pata jibu kabla ya tarehe kupangwa.

Hatua ya 4: Lipa kwa usalama

- Hakikisha daktari na hospitali wamesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC.
- Omba bili iliyoandikwa kila kitu: upasuaji, fremu, kulazwa, picha, na kutolewa kwa vyuma baadaye. Kutoa vyuma mara nyingi ni upasuaji mwingine.
- Lipa kwa nambari ya Paybill ya hospitali, si kwa laini ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.
- Jua kiwango chako. Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauzidi Sh250,000, na kwa siku hauzidi Sh500,000. Bili ya Sh600,000 itahitaji malipo matatu kwa siku mbili, au benki.
- Hifadhi kila ujumbe wa malipo na uombe risiti siku hiyo hiyo.
- Chagua mtu mmoja unayemwamini akusaidie kufuatilia malipo ukiwa umelazwa. Mtumie pesa kwenye laini yake. Usimpe PIN yako.

Kabla ya kukubali tarehe

Jiulize maswali matatu. Je, wiki 22 zikigeuka 30, nyumbani watakula? Je, kazi yangu itakuwepo nikirudi, na nimeandikiwa hivyo? Je, pesa za kutoa vyuma zimetengwa? Kama jibu moja ni hapana, sogeza tarehe mbele. Kusubiri miezi sita zaidi ni afadhali kuliko kukwama katikati, vyuma vikiwa mguuni na salio likiwa sufuri.

Kumbuka: hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako. Akikupigia mtu akadai ni wa hospitali au wa kwetu na anataka PIN, kata simu.